Bahasha ya Mapazia ya Buluu

Wifi yangu ukimuuliza kitu, hujibu baada ya muda. Unamuuliza kama amekula, anamaliza kwanza mshono wote mpaka mwisho wa kitambaa, anakata uzi, anajikung'uta magoti, ndipo anageuka na kukuuliza ulikuwa unasema nini. Mimi nina hasira za karibu na sikuumbiwa kusubiri, kwa hiyo miaka yote tuliyoishi ukuta kwa ukuta nimemjibia maswali mengi kuliko aliyojibu mwenyewe. Mtaani walimpa jina la Yupo-Hayupo. Alipolisikia hakununa. Alicheka, ila alicheka kesho yake, tukiwa tunaanika nguo, nami nikadhani kachanganyikiwa mpaka aliponieleza anachekea nini.

Ni mjane wa kaka yangu. Ni fundi wa kushona, na chumba chake cha mbele ndicho duka, ndicho karakana, ndicho sebule. Dirisha ni pana, linatazama barabara, na chini yake ipo cherehani ya kukanyaga, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika pale kiganja kinapopita kila siku. Meza ya kukatia ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya miguu minne. Kitasa walikwishaking'oa lakini tundu lake limebaki, na pini ikidumbukia humo usijisumbue kuitafuta. Mchana jua linaingia kwa mshazari, vumbi la vitambaa linaelea ndani yake polepole, cherehani inalia sauti moja, na wewe uliyekuja kuchukua suruali yako unajikuta umekaa kwenye benchi robo saa huna habari. Nimeona watu wazima wakisinzia pale, tena waliokuja na haraka zao.

Kaka yangu alikuwa karani kwenye ghala la mbao. Ghala lilipofungwa alikaa nyumbani wiki mbili, anazunguka uani, ananikosoa namna ninavyokata vitunguu, mpaka nikamwambia akatafute pa kushinda. Wiki ya tatu akavuta stuli, akaketi mkono wa kulia wa mkewe, akaomba apewe vifungo ashone. Hakuhama tena pale kwa miaka ishirini na mitatu. Yeye ndiye aliyepima watu viuno, aliyepiga pasi, aliyefunga nguo kwenye gazeti, aliyetunza pesa. Wateja waliendelea kumwita Karani. Mkewe kazi yake ilikuwa moja tu, kushona, na mengine yote ya dunia hii, kuanzia bei ya nyuzi mpaka leo ni siku gani, alimwachia yeye. Niliwahi kumwambia kaka kwamba anamdekeza. Akasema mtu akishona vile humwamshi.

Mwaka juzi kaka aliinuka kwenda kunywa maji, akaanguka kabla hajafika mlangoni. Hospitali tulimfikisha, lakini tulifikisha mwili tu. Siku ya nne baada ya maziko wifi alirudi kwenye cherehani, na maneno yakaanza, kwamba mwanamke huyu ana moyo wa jiwe, hata machozi hayajamkauka tayari anatafuta pesa. Kusema kweli hata mimi niliyasema. Nilimsikia upande wa pili wa ukuta anakanyaga, nikamchukia siku mbili tatu, halafu nikazoea.

Ndipo mambo yakaanza kumponyoka. Aliunguza sufuria mbili kwa mwezi mmoja. Alikwenda sokoni kandambili ya kulia nyekundu, ya kushoto kijani. Alimpa mteja gauni la mwenzake, na kwa bahati walikuwa wanene sawasawa, wote wawili wakaondoka wameridhika. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mtoto wake hakucheka.

Mtoto wao ni mmoja, kijana mwema, msimamizi wa ghala la vifaa vya umeme katika mji ulio mbali kidogo, mwendo wa asubuhi nzima kwa basi. Mimi namwita Bwana Mkubwa, kwa sababu tangu ana miaka sita alikuwa anaongea kama mtu wa ofisini. Anampenda mama yake, hilo silitilii shaka hata chembe. Siku moja alikuja, akatuketisha sote wawili, akaeleza hofu yake: bibi yake mzaa mama alianza hivihivi, kwa sufuria na viatu, akaishia kutomjua mwanawe wa kumzaa. Akakata kauli kwamba ikitokea tena, hata mara moja, anakuja na gari kumchukua mama akakae kwake. Chumba kipo, mkewe hana neno, wajukuu wanamngojea. Ila cherehani haitakwenda. Sindano na watoto wadogo haviendani, na isitoshe mama amefanya kazi inatosha. Mtu wa kuinunua alikuwa ameshampata.

Wifi alikuwa anashona pindo la sketi. Alilimaliza lote, akakata uzi, akageuka.

"Nitajitahidi," alisema.

Na alijitahidi, jamani. Alijifunga uzi mwekundu kidoleni wa kumkumbusha jiko, na wa kijani wa kumkumbusha mlango. Aliandika kwa chaki pembeni ya meza: maji, moto, ufunguo. Akitoka alirudi mara mbili kutikisa komeo. Mimi nilipewa kazi ya ulinzi. Bwana Mkubwa aliniomba nimpigie simu nikiona lolote, nami nikakubali upesi, kwa sababu mtu akinipa kazi ya kuangalia makosa ya mwingine huwa sikatai.

Mwezi huu akaja mama mwenye nyumba ya wageni ya kule kilimani, mwanamke wa manukato na maneno matamu, anataka mapazia ya madirisha kumi na mawili. Rangi akamwachia fundi. Pesa akazitoa taslimu, zote kwa pamoja, ndani ya bahasha ya kaki: za kitambaa, za bitana, za pete za kuning'inizia, na nusu ya ufundi. Sijawahi kuona bahasha nene vile ndani ya chumba kile. Nilitaka kumtunzia mimi. Akasema pesa ya kazi hukaa na kazi, akaitia kwenye mkoba wake, akakumbatia mkoba.

Jumanne asubuhi akaenda peke yake kwenye lile duka kubwa la vitambaa na vyombo vya nyumbani. Mimi nilikuwa kazini. Nafua mashuka hospitalini, au tuseme mashine inafua na mimi nakunja, na zamu yangu huisha saa nane. Niliporudi nilikuta mlango wake wazi. Nikaingia na maneno yangu tayari, ya kumgombeza kwa kuacha mlango wazi, nikayasahau.

Chumba kizima kilikuwa buluu. Alikuwa amekikunjua kitambaa na kukitundika kwenye kamba mbili, ukuta mpaka ukuta, kinyooke kabla ya kukatwa, na jua la alasiri lilikuwa linapita ndani yake. Kuta zilikuwa buluu, benchi buluu, mikono yangu buluu. Kilikuwa chepesi kile kitambaa, kila upepo ukiingia dirishani kinajaa, kinasogea, kinarudi taratibu mahali pake. Yeye alikuwa amekaa chini katikati yake, mkasi mapajani, anakitazama. Hakunikaribisha, alijisogeza tu kidogo. Nikakaa. Miguu iliyokuwa inaniuma tangu alfajiri ikaacha kuuma. Mtu alipita nje na baiskeli, kivuli chake kikaogelea juu ya kitambaa kutoka pindo hadi pindo, na sisi tukakifuata kwa macho mpaka kikaisha, wanawake wawili wazima na kazi zetu. Sijui tulikaa muda gani. Wifi akasema wageni watakaolala kule wakiamka watadhani bado wanaota. Mimi nikasema watadhani wamelowekwa kwenye buluu ya kufulia. Akacheka papo hapo, jambo ambalo si kawaida yake.

Kisha akakumbuka pete. Akasema aende mara moja kabla ya jioni, akavuta mkoba, akauingiza mkono. Mkono ukakaa humo ndani muda mrefu.

Tulipekua mkoba. Tulipekua mifuko ya gauni, chini ya kitambaa, chini ya meza, mtoto wa meza ya cherehani mwenye vifungo na bobini. Nikapiga magoti nikachungulia hata lile tundu la kitasa, kana kwamba bahasha nene vile ingepita. Uzi mwekundu ulikuwepo kidoleni, wa kijani ulikuwepo. Wa bahasha hakuufunga. Nikamuuliza mara ya mwisho aliishika wapi. Akafikiri, uso umetulia kabisa, kisha akasema amelipa pale kaunta, binti amemrudishia chenji, ameitia kwenye bahasha. Baada ya hapo anakumbuka yuko nyumbani.

Katikati hapakuwa na kitu. Hilo ndilo lililonipandisha mori. Pesa za watu, jina la fundi, kazi ya madirisha kumi na mawili, na yeye ananieleza kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Nilishikwa na hasira ambazo hata leo nikizikumbuka naona haya. Nikachukua simu palepale, mbele yake, nikampigia Bwana Mkubwa. Hata kumsalimia sikumsalimia. Nikamwambia aje amchukue mama yake, mimi nimechoka. Akasema ataondoka usiku, kesho asubuhi yupo.

Nilipokata simu, wifi alikuwa anakiteremsha kitambaa kutoka kwenye kamba. Alikikunja vizuri, kona kwa kona, akakilaza mezani. Kisha akaenda akasimama karibu na cherehani, akaweka mkono juu ya gurudumu, akaniuliza kwa sauti ya chini: tukiipata, nitampigia tena kumwambia asije? Nilijua nimefanya nini. Nikasema twende kwanza.

Tulikwenda kwa miguu. Mimi mbele, yeye nyuma, na kila nikigeuka naona amebaki, kasimama mbele ya kinyozi anatazama pazia la mlango wake lilivyokatwa vibaya. Nikarudi nikamshika mkono kama mtoto wa chekechea, tukaenda hivyo hivyo mpaka dukani. Vidole vyake vilikuwa baridi. Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa nimemfikiria hana hofu yoyote, kwa vile uso wake hautangazi.

Ndani ya duka lile kuna ubaridi, na mafeni makubwa ya dari yanazunguka polepole. Majora ya vitambaa yamesimamishwa pande zote, marefu kuliko mtu, na watu wanapita katikati yake wakigusagusa, hakuna anayesema kwa nguvu. Hata mimi niliingia natweta nikajikuta natembea taratibu. Kaunta ni moja, mwisho kabisa, na binti wa kaunta ana kucha ndefu za kijani. Alimkumbuka wifi mara moja. Ndiye yule mama aliyemwambia shati lake limekatwa vizuri mabegani. Akaapa kwamba chenji alimpa mkononi na akamwona anaitia kwenye bahasha. Mimi nikapandisha sauti. Nikasema kama hakuna aliyeichukua basi bahasha imeota miguu, na mengine ambayo sitayarudia hapa. Watu wakaanza kugeuka. Ndipo akaja msimamizi, mwanamama mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, akatuomba tumfuate ofisini, kuna kamera juu ya kaunta.

Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye kiti kimoja na maboksi. Akakaa yeye, sisi tukasimama nyuma yake. Akarudisha, akarudisha, watu wakatembea kinyumenyume na vikapu vyao, mpaka tukamwona wifi.

Picha haikuwa na sauti, na rangi zake zilikuwa zimefifia. Tulimwona anaweka jora juu ya kaunta, analipa, anapokea chenji, anaitia kwenye bahasha, kama alivyosema. Binti akaanza kukikunja kitambaa. Wifi akakiwekea kiganja cha kushoto, akawa anakipapasa, macho yake hayatoki pale. Na mkono wa kulia, wenye bahasha, ukaanza kwenda pembeni. Ulikwenda wenyewe, bila yeye kuutazama, ukashuka kidogo, ukasimama kwenye kimo cha mtu aliyeketi. Midomo yake ikasema neno moja. Akangoja. Kisha akaachia vidole.

Upande ule palikuwa na vikapu vitupu, vile vyekundu vya plastiki ambavyo watu huviacha wakishalipa, vimepangwa kimoja ndani ya kingine. Bahasha ikadondokea ndani ya kile cha juu. Mwanamume aliyefuata akaja na fagio na sabuni zake, akatoa vitu, akakipachika kikapu chake juu. Basi, imefunikwa. Wifi akabeba kitambaa chake, akageuza kichwa kulia akitabasamu, namna mtu anavyotabasamu akiwa ameambiwa jambo, akaondoka.

Msimamizi akacheka kidogo, akasema mama amekabidhi hewa pesa zake. Sikucheka. Neno lile mimi nililijua. Nimelisikia kupitia ukutani miaka ishirini na mitatu, mara kumi kwa siku. Mteja akilipa, wifi hupokea bila kuinua macho kwenye sindano, mkono huenda kulia, husema "Shika," na kaka hushika. Hakuwahi hata siku moja kugeuka kuangalia kama kimeshikwa. Kilikuwa kinashikwa siku zote.

Nikaomba irudiwe. Ikarudiwa. Mara hii sikumtazama wifi, nilitazama pale pembeni yake penye vikapu. Nilitazama sana, nimeinama mpaka nywele zangu zinamgusa msimamizi begani. Nitasema ukweli, nilikuwa namtafuta kaka yangu. Nilipoinuka nikamwona wifi ametazama sakafu, kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sukari, na mimi sikuwa na hasira tena hata kidogo.

Bahasha tuliipata. Vikapu vilikuwa vimesukumwa mlangoni kwa ajili ya wanunuzi wanaoingia, na ni yule binti mwenyewe aliyechuchumaa akavitenganisha kimoja kimoja, mpaka kaki ikaonekana. Haikupungua kitu. Nikamwomba msamaha. Akasema haina shida, mama, ila sauti yake haikuwa ya haina shida, na alikuwa na haki. Wifi akamwambia akitaka kushona nguo aje, atamshonea bure, na akamwambia tena kuhusu yale mabega ya shati. Binti akacheka, akafuta macho.

Njiani nikampigia Bwana Mkubwa. Nikamwambia pesa imepatikana, ilikuwa imedondoka tu, mimi nina mdomo usio na breki, asije. Aliniachia niongee mpaka nikamaliza. Akasema leo imepatikana, je, kesho? Akasema gari ameshalikodi. Wifi alikuwa ananitazama usoni wakati wote nikiongea, na nilipoishusha simu hakuuliza. Aliishika bahasha kwa mikono miwili mpaka nyumbani.

Asubuhi gari lilisimama dirishani, pikapu yenye kamba na turubai nyuma. Bwana Mkubwa akashuka na sanduku jipya la nguo. Alitusalimia kwa heshima zote, akamshika mama yake mabega, akamwuliza hali, sauti yake laini. Wifi alikuwa kwenye cherehani tangu kulipopambazuka. Mapazia matatu yalikuwa yameisha na yanang'inia dirishani, na chumba kilikuwa buluu tena, pamoja na kijana wangu na sanduku lake. Alitazama huku na huku, akapangusa paji la uso. Akasema hakuna haraka, mama amalize anachoshona, dereva atangoja.

Mimi nikaona hapa nikinyamaza nitakufa nacho. Nikamvuta kando, nikamweleza yote niliyoyaona kwenye ile picha: mkono, kimo, neno, tabasamu. Nilidhani namsaidia wifi. Nilidhani akisikia hivyo ataelewa kwamba si akili iliyopotea, ni mazoea. Uso wake ukamshuka.

"Shangazi," akasema, "unaniambia mama anaongea na baba dukani mbele za watu, halafu unataka nimwache hapa peke yake?"

Hakuisema kwa nguvu, lakini chumba ni kidogo. Cherehani ikanyamaza. Pazia lilikuwa nusu chini ya sindano, nusu mapajani. Wifi akageuka kwenye kiti chake akatutazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikuona kwamba yuko mbali. Alikuwa pale pale.

"Najua baba yako amekufa," alimwambia mwanawe. "Nilimfumba macho mimi. Nikiamka najua. Nikichemsha chai najua, namimina vikombe viwili kisha kimoja nakimwaga, najua. Nikikaa hapa ndipo nasahau. Jana pale dukani nilikuwa nimekishika kitambaa, nikajisahau nikadhani nimeshakaa. Kosa langu ndilo hilo tu."

Bwana Mkubwa akafungua mdomo. Yeye akaendelea, bila kupandisha sauti.

"Mnaogopa nasahau. Mimi, mwanangu, naogopa kukumbuka. Hii ukiiuza, kule kwako nitakuwa nakumbuka mchana kutwa."

Upepo ukaingia, mapazia yakajaa, yakarudi. Baadaye kijana akauliza, na sauti yake haikuwa tena ya ofisini:

"Na usiku, mama?"

"Usiku nakumbuka. Lakini nikiwa nimechoka na kazi, usiku huwa mfupi."

Akaweka sanduku chini. Akatoka, nikadhani anakwenda kumwita dereva waje wafunge mizigo. Nikawasikia wanaongea, nikasikia mlango wa gari, kisha gari likaondoka na kamba zake na turubai lake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akamwuliza mama yake pete zinanunuliwa wapi na zinatakiwa ngapi, aende yeye. Wifi hakujibu. Alikuwa ameshainamia sindano, miguu inakanyaga, midomo inacheza kidogo.

Mimi nilibaki mlangoni namtazama. Mwaka mzima na nusu nimekaa kumvizia mwanamke yule makosa yake, na muda wote huo alikuwa humo ndani na kaka yangu, ukuta mmoja tu kutoka kwangu, na mimi nikigonga ukuta kumwambia apunguze kelele.